Anayeondoka Polepole

Aliyemfundisha Dainess kuondoka ni Bi Shamsia, na tuseme ukweli, alimfundisha vizuri. Bi Shamsia ni mwanamke wa Unguja, mfanyabiashara wa mikoba, anayekuja Guangzhou mara nyingi kiasi kwamba wauza mikate wa mtaa wa Xiaobei humsalimia kabla hajawafikia. Kila ajapo humchukua Dainess Jumamosi amkalimanie, wakapanda basi pamoja hadi Shiling, mji ambao kila mlango unauza ngozi, au zipu, au mkoba uliokwisha kushonwa. Huko ndiko somo lilikotolewa. Unauliza bei. Unatajiwa. Unasikitika, lakini si sana. Unasema "tai gui," ghali mno, unaliweka begi lako begani na kuelekea mlangoni.

"Polepole," Bi Shamsia alimwambia. "Kama mtu aliyekumbuka kaacha moto jikoni lakini hana hakika. Na usigeuke, mwanangu. Ukigeuka tu, laoban kishajua unaitaka, na bei itabaki hiyo hiyo."

Laoban ndiye tajiri mwenye duka, na laoban aliita. Aliita kila mara. Wakati mwingine aliwaachia wafike hadi kwenye ngazi, wakati mwingine hadi barabarani kwenye pikipiki za mizigo, lakini sauti ilikuja, nao wakarudi kama watu wanaomfanyia mtu hisani. Dainess alipenda sana ile sauti. Kwa msichana wa miaka ishirini aliyekuwa akiishi peke yake kwenye bweni la wageni, kuitwa arudi na mtu yeyote yule, hata na muuza zipu, lilikuwa jambo la kufurahisha kuliko alivyopenda kukiri.

Dainess alitoka Tukuyu, kule mvua isikochoka. Alikuja China kwa ufadhili: mwaka mmoja wa kujifunza Kichina, kisha shahada. Kwenye barua ya ufadhili shahada yenyewe ilikuwa imekwisha kutajwa, biashara ya kimataifa, itakayofundishwa kwa Kiingereza, pamoja na Watanzania wenzake karibu wote. Ila mwanafunzi aliruhusiwa kubadili somo kabla mwaka wa lugha haujaisha, iwapo idara nyingine itakubali kumpokea. Ruhusa hiyo ndiyo iliyomtia matatani, maana Dainess hakutaka biashara. Alitaka kuwa wakili.

Au tuseme baba yake ndiye aliyetaka kwanza, na yeye akaja kutaka baadaye kwa sababu zake mwenyewe. Mzee Benjamin alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu. Aliita majina, aliapisha mashahidi, na miaka yote hiyo aliwaona watu wakishindwa kesi za haki kabisa kwa kutojua waanzie wapi kuzisimulia. Jambo hilo lilimuuma. Dainess alipokuwa darasa la tano, mtoto mbishi asiyekubali kulala mpaka aelezwe kwa nini, baba yake alianza kumwita Wakili. Mtaa ukaitika. Ilifika mahali hata mwenye kuuza viazi akimwona anasema, Wakili, leo unachukua debe au nusu?

Siku aliyoagwa, mzee aliwatangazia watu waziwazi kwamba binti yake anakwenda kusoma sheria. Biashara ile ya kwenye barua aliihesabu kuwa kosa dogo la makarani, litakalorekebishwa huko huko. Dainess alimwachia simu yenye WeChat, programu ya Wachina ya kupigiana, akamfundisha kupiga na kupokea. Kwenye WeChat ya Mzee Benjamin palikuwa na jina moja tu, la binti yake, wala hakuona sababu ya kuongeza jingine.

Sasa, historia iliingiaje? Iliingia Shiling, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Mwezi wa kumi na moja Bi Shamsia alipokea mikoba yenye zipu tofauti na zile za kwenye sampuli. Walipokwenda kuuliza, laoban aliapa kwamba zipu zilibadilishwa kwa makubaliano. Mkewe akaapa vingine. Fundi akasema aliambiwa na huyo mke wa laoban. Bi Shamsia naye, Mungu amsamehe, aliongeza maneno mawili matatu ambayo siku ya makubaliano hakuyasema, na Dainess alijua hakuyasema kwa sababu yeye ndiye aliyekalimani. Akaomba wanyamaze wote. Akaanza kuuliza mmoja mmoja: ulikuwepo? Ulisikia kwa masikio yako au uliambiwa? Nani alisema kwanza? Jioni ilipoingia walikuwa wamekubaliana kugawana hasara, na Bi Shamsia akamshika bega akasema, wewe mtoto ni wakili wallahi. Lakini kilichomfurahisha Dainess hakikuwa kule kugawana. Ilikuwa ile saa moja ya kuchambua maneno ya watu wanne mpaka jambo lililotokea likaonekana lilivyotokea. Kwenye basi la kurudi alikaa kimya, usoni ana tabasamu, na Bi Shamsia akadhani ana njaa.

Mwalimu wake wa lugha, dada mmoja mpole, alipoisikia habari hiyo alimwambia kwamba kuna watu wanaofanya kazi hiyo kutwa nzima, na wanaitwa wanahistoria. Akamweleza pia jambo ambalo Dainess hakulijua: kwamba mtu anaweza kusoma shahada nyingine kabisa kwanza, na sheria akaja kuisoma baadaye, huko huko China au kwao. Akamshauri achague somo litakalomfanya asome sana, aandike sana, na asiamini upesi. Dainess alirudi bwenini. Kabla ya kulala alikuwa amekwisha kuchagua.

Kuchagua kulikuwa rahisi. Kusema ndiko kulikokuwa na kazi.

Alianza na Revocatus, kijana wa Muleba aliyekuwa mwenyekiti wa wanafunzi wa Tanzania pale chuoni, mtu wa uhandisi, mwema, mwenye jibu la kila swali hata ambalo hujauliza. Revocatus alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamkumbusha kwamba historia inafundishwa kwa Kichina kitupu. Akamkumbusha pia kwamba wote wanaosoma kwa Kiingereza watahamia kampasi mpya iliyojengwa kwenye kisiwa cha mtoni, nje kidogo ya mji, na historia inabaki kampasi ya zamani.

"Utabaki peke yako huku, dada," alisema. "Hata wa kumsalimia kwa Kiswahili hutampata."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Dainess kuliko kama angemsimanga. Upweke aliujua. Aliujua wa Jumapili mchana, bweni linanuka sabuni na mtu hana wa kumwuliza tule nini leo. Lakini huo ulikuwa upweke wa kupewa. Huu wa sasa alikuwa akiutafuta mwenyewe, kwa miguu yake.

Akampigia baba yake. Ilikuwa ule msimu wa masika ya Guangzhou ambapo kuta hutoka jasho na nguo hazikauki hata ukizianika wiki nzima. Dainess alikaa kwenye kitanda chenye shuka mbichi, akaeleza mpango wote: historia kwanza, sheria baadaye. Alieleza vizuri. Mzee Benjamin akauliza kama amefeli.

Dainess alimwambia hajafeli. Mzee akauliza kama sheria wamemkatalia. Alimwambia hajaiomba. Mzee akasema amekwisha kuwaambia watu. Na kwamba historia si aliisoma kidato cha nne ikaisha. Na kwamba sheria inasomwa sheria, haipitiwi mlango wa nyuma. Dainess alianza kueleza upya, sauti ikapanda, na alipoona haeleweki akafanya jambo alilolizoea Jumamosi nyingi.

"Basi baba," alisema. "Kama hunielewi, basi." Akakata simu.

Akaiweka kwenye mto, kioo kikitazama juu, akangoja iite.

Haikuita. Hakushtuka, maana hata laoban wengine huchelewa. Alifua soksi, akarudi kuitazama. Kesho yake alikwenda nayo darasani, akaiweka mezani kinyume cha taratibu. Wiki ikapita, ikaja nyingine, misufi ya barabarani ikamwaga maua yake mekundu yote na kubaki kijani, na jina la baba yake kwenye simu likazidi kushuka chini, likifunikwa na matangazo ya darasa na picha za mikoba za Bi Shamsia. Dainess aliumia. Aliumia mpaka akawa anakasirika, na alipochoka kukasirika alilia bafuni, maji yakiwa wazi, ili jirani wa Kazakhstan asisikie. Alijiambia hatageuka. Ukigeuka bei inabaki hiyo hiyo.

Hakumwambia mtu, hata Bi Shamsia. Siku moja walikula pamoja pilau kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, kabla mama huyo hajarejea Unguja, na Bi Shamsia akatoa maoni yake kuhusu masomo bila kuulizwa. Alisema biashara ni bora, mawakili wote aliowajua yeye wananenepa kwa wafanyabiashara. Kisha akamtazama Dainess akitoa mawe kwenye wali usio na mawe, akageuza neno. "Lakini wewe mtoto, n'nakuona. Tukizungumza bei unapiga miayo. Watu wakianza kusutana ndiyo macho yanafunguka." Akaahidi kumletea karafuu mwezi wa kumi, atakaporudi kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou, akaenda zake uwanja wa ndege na masanduku yake.

Mwezi wa sita idara ya historia ilimwita Dainess kwa mahojiano. Profesa Huang, mwanamke mfupi mwenye mvi na chupa ya chai isiyomtoka mkononi, alimpa ukurasa asome kwa sauti. Dainess akasoma, akakwama, akaruka, akaendelea. Profesa akamuuliza Kichina chake alikipata wapi. Shiling, akasema. Profesa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. Akamwambia, bila ukali, kwamba anazungumza haraka kama muuza duka na anasoma taratibu kama mtoto. Kwamba historia itamtaka asome hata maandishi ya kale ambayo Wachina wenyewe yanawatoa jasho. Kwamba ufadhili alionao ni mzuri na biashara ni somo zuri. Afadhali abaki huko.

Hapo ndipo msichana wetu alipofanya maajabu. Mtu mwingine angebisha, au angeomba, au hata angelia kidogo, machozi si haramu. Dainess alisikitika, lakini si sana. Alishukuru. Akachukua begi lake, akaliweka begani, akaelekea mlangoni. Polepole. Hakugeuka.

Alipita korido akiburuta miguu. Akasimama kwenye ubao wa matangazo akajifanya anasoma habari za mashindano ya mpira wa meza. Akashuka ngazi, na kila ngazi alitega sikio. Mlango wa Profesa Huang ulikuwa wazi, sauti ingefika. Alifika chini. Akatoka nje, kwenye miti yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, mwanafunzi mmoja akampita na baiskeli akipiga kengele. Nyuma yake palikuwa kimya kabisa.

Akakaa kwenye benchi, na benchi lilikuwa limelowa. Alikaa hivyo hivyo. Ilichukua muda, maana akili iliyozoea soko haikubali upesi, lakini mwishowe akaona alichokifanya. Profesa Huang hakuwa na mkoba wa kuuza. Hakuwa na bei ya kwanza wala ya pili. Alimwambia mtu anachokiona kuwa kweli, mtu akashukuru, akaondoka. Sasa amwitie nini? Dainess aliona aibu, ile inayopanda mpaka kwenye masikio. Na aibu ilipokuwa bado inapanda, likamjia jambo la pili, zito kuliko la kwanza, kuhusu simu iliyokaa kwenye mto ikitazama juu.

Hilo la pili aliliogopa. Akaanza na lililo karibu. Akainuka, akapanda ngazi zile zile, sketi imelowa nyuma, akabisha mlango uliokuwa wazi.

Profesa Huang alikuwa anafungua chakula chake cha mchana. Aliuliza kama amesahau kitu.

"Sikutaka kuondoka," Dainess alisema.

"Sasa kwa nini umeondoka?"

Ikambidi aeleze, kwa Kichina cha Shiling kwa kuwa hakuwa na kingine: mlango, begi, kuburuta miguu, laoban anayeita. Alieleza kwa utaratibu, bila kujipendelea, kama alivyowataka wale wa zipu waeleze siku ile. Profesa aliweka vijiti chini akasikiliza mpaka mwisho. Dainess alidhani atacheka. Hakucheka. Alimuuliza watu wa Shiling walisema nini kuhusu zile zipu, na kila mmoja alijuaje, na Dainess akamweleza na hayo.

"Nakuchukua," Profesa alisema alipomaliza. "Likizo yote utasoma vitabu vya historia vya watoto wa shule, vyote. Mwaka wa kwanza utafeli baadhi ya mitihani. Darasani hakuna atakayepunguza mwendo kwa ajili yako. Unataka?"

Ilikuwa bei kubwa kuliko zote alizowahi kutajiwa. Dainess hakuomba apunguziwe. Alisema anataka.

La baba aliliahirisha. Alijipa sababu: asubiri idara iandike, asubiri ofisi ya wageni igonge muhuri. Vyote vikaja, na bado hakupiga. Ndipo ikafika siku ya kuhama. Basi la chuo liliegeshwa mbele ya bweni, Watanzania wakapakia magodoro, sufuria, jiko la umeme lililokuwa haramu na kila mtu alijua lipo. Dainess aliwasaidia kubeba. Revocatus alimwachia ndoo na kifurushi cha unga, akamwambia kisiwani si mbali, treni ya chini ya ardhi inafika, aje wikiendi. Wote waliahidi. Walikuwa wakweli wakati wanaahidi, lakini Dainess alikwisha kukaa Guangzhou vya kutosha kujua wikiendi huishia wapi. Basi likaondoka likipiga honi, mikono ikatoka madirishani, likakata kona.

Alipanda chumbani kwake. Koridoni vyumba vilikuwa wazi, ndani vitanda vya chuma vitupu. Hakuna aliyekuwa akiimba bafuni, hakuna harufu ya vitunguu. Akakaa mezani mbele ya kitabu cha watoto chenye picha ya mfalme mwenye ndevu, akasoma mstari, akasoma tena, akagundua kwamba tangu basi lilipoondoka hajasema neno lolote kwa sauti. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tukuyu ilikuwa saa sita mchana, baba yake yuko sebuleni na redio.

Akapiga. Iliita mara moja tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Nyuma yake redio, na mvua juu ya bati. "Ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Nilikata simu. Nilikuwa nangoja unipigie."

Mzee Benjamin alichukua muda kulielewa hilo. Miaka yote ya mahakamani alikuwa akiandika kile mtu alichokisema, si kile alichokitumaini.

"Ulisema basi," alisema. "Nikajua hutaki tena kusikia sauti yangu. Mtu akishasema basi, mimi nimfuate wapi?"

Dainess alifunika mdomo kwa kiganja. Alitaka kusema samahani ikatoka nusu. Upande wa pili alimsikia baba yake akipunguza redio, na baba yake akasema kwamba simu hiyo aliibeba kila mahali, hata shambani, hata msibani kwa jirani, na watu wakamsema. Alikuwa akihakikisha ina chaji. Alimpelekea fundi mara mbili aitazame kama imeharibika.

Wakazungumza. Mzee hakumkubalia historia, tusidanganyane. Alisema bado haioni njia yake. Aliuliza ni historia ya nani. Ya Wachina, baba, kwanza. Akaguna. Akauliza kama wenzake wapo, na Dainess akasema wamehama leo, wote. Akauliza sasa utakuwa na nani. Dainess akatazama kile chumba, akasema yupo na kitabu.

Mzee akasema kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu anayefuata kwenye orodha ya kesi: "Haya, Wakili. Soma. Usiku mwema huko kwenu."

"Haya baba. Kata wewe."

"Kata wewe. Wewe ndiye uliyepiga."

"Mimi sikati, baba."

Dainess aliisimamisha simu mezani, akaiegemeza kwenye ndoo ya Revocatus, akaanza kusoma kwa sauti, kwa kukwama kwake, habari za mfalme mwenye ndevu. Upande wa pili kiti kililia, mzee akakohoa, mvua ikaendelea juu ya bati. Alisoma ukurasa mzima, akafunua wa pili. Laini ilikuwa bado wazi.